Tumbo Moja

Sisi ni ndugu wa tumbo moja, mimi na Réjean.
Tulilala mle miezi minane, goti kwa mbavu.
Yeye akatoka kwanza, mbio,
mimi nikachelewa dakika arobaini,
na mama alisema tabia zetu zilianzia hapo.

Miaka hamsini na miwili sasa:
yeye hukimbia, mimi hungoja.

Yeye huendesha greda la theluji, usiku,
kutoka Hochelaga hadi mtoni,
na ramani aliyo nayo kichwani si ya barabara,
ni ya vyoo.
Kituo cha petroli cha Mlebanoni, hufungua saa kumi alfajiri.
Kanisa, mlango wa nyuma, ufunguo chini ya chungu.
Duka la donati ambapo muuzaji husema choo ni cha wateja,
basi hununua donati asiyoweza kuila
akaipanga juu ya dashibodi, pamoja na zile za jana.

Mimi ni karani wa mahakama.
Siku ya saba bila kwenda haja
mashahidi huapa, nami napiga chapa kiapo chao,
tumbo limewambwa chini ya sketi,
kifungo kimefunguliwa, sweta imeshushwa
asione hakimu.

Réjean aliambiwa: tuingize kamera, tuone.
Mimi niliambiwa: una mawazo, mama.
Una mume?

Majira ya baridi yaliyopita tulijitolea kwa utafiti,
dola sitini kila mmoja, na maegesho ya bure
(Réjean aliuliza kwanza maegesho).
Daktari Nayiri, soksi zisizolingana,
alitulaza kwa zamu katika mashine inayogonga kama fundi bati,
akajaza hewa kipulizo kidogo
mahali pasipotajwa mezani,
akaupiga picha ubongo ukiuma.

Hewa ile ile. Kipimo kile kile.
Kwa kaka yangu paliwaka mbele, panapopangwa mambo.
Kwangu paliwaka chini, ndani kabisa,
panapolala hofu.

Msiseme wanaume wote, alituonya,
wala wanawake wote. Nyinyi ni wawili,
nina mia na sitini wa kuhesabu.

Kisha akatueleza juu ya serotonini,
ile tunayoisifia furaha:
sehemu kubwa yake haitoki kichwani, hutengenezwa utumboni,
na utumbo na ubongo huandikiana barua usiku kucha.
Na kuna dalili, alisema (hakusema hakika),
kwamba bongo za kike na za kiume
haziipiki kwa moto mmoja,
na kwamba homoni zikishuka kuelekea siku zake
mwanamke huweza kuumwa zaidi.

Nilitaka kulia. Si kwa huzuni.
Miaka thelathini ya tumbo joto,
na leo mtu ameniambia moto uko wapi.

Nikamkumbuka mama, Jumapili,
maharagwe yaliyookwa usiku kucha kwa sharubati ya mti wa mepo.
Sisi tunakula, tunagombea sahani,
yeye kasimama jikoni, kiganja chini ya kitovu,
kama anayezuia mlango usifunguke.
Neva, alisema baba,
kwa sauti ya mtu anayesema mvua.
Sikuwahi kumwuliza ilikuwa siku ya ngapi.

Alfajiri hii simu imelia, saa kumi kasorobo.
Nasikia injini, wipa, chumvi ikimwagika lamini.
“Umepata?”
“Bado. Wewe?”
“Mara tatu.”
Tunanyamaza.
“Nigawie moja,” namwambia,
naye anacheka, anacheka hadi sauti inabadilika.
“Ngoja, Ghislaine, ngoja kwanza,
naona taa za Mlebanoni,”
na simu inakatika.